Kuchagua Programu ya Kuchoma Sidii

Mwaka wa 1928 Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay kutia sauti yake katika santuri. Leo wewe waweza kutia sauti katika sahani ya sidii ukiwa nyumbani kwako, Malindi au Makunduchi, ikiwa kompyuta yako ina chombo cha kuchomea.

Tuseme umekwisha kuiingiza kompyutani kaseti ya taarabu ya arusi ya mama yako. Sasa utumie programu ipi? Usidanganywe na urembo wala bei. K3b, ya kompyuta za Linux, hutolewa bure. Iulize programu mambo mawili. Kwanza, yaweza kuchoma sahani ya muziki, au huchoma mafaili tu? Redio nyingi za zamani za sidii husoma muziki peke yake. Pili, ikisha kuchoma mafaili, huisoma sahani tena na kuilinganisha na yaliyomo kompyutani?

Hili la pili nalijua kwa uchungu. Nilichoma sauti ya bibi yangu, nikaiamini sahani bila ya kuijaribu, nikarekodi mambo mengine juu ya kaseti yake. Kumbe sahani haikushika kitu.

Basi usiifute kaseti mpaka umeisikiliza sahani yote. Tena sahani ya muziki huchukua dakika 80 tu. Kaseti ya dakika 90 itataka sahani mbili, kila upande na yake.