Tumba la Unyayoni

Msomaji wa Mji Mwema, Kigamboni, ameniletea swali ambalo nimelilalia siku tatu. Mdogo wake ni kiziwi tangu utotoni, lakini singeli ikipigwa kwenye kigodoro anacheza na hakosi mdundo. Majirani wakasema anaiga wenzake. Msomaji akamfunga kanga machoni. Kijana akaendelea kupatia. Anaupokelea wapi?

Sikio mlilisoma shuleni, tuliache. Twende unyayoni. Chini ya ngozi ya nyayo na viganja kuna vidude vya urefu wa milimita moja hivi, vyenye jina la Mwitaliano Filippo Pacini, aliyevichunguza miaka ya 1830. Kila kimoja ni ncha ya neva iliyovikwa matabaka membamba, baina yake majimaji. Ningeviita vitunguu, ila kitunguu kinaliza, hakichezeshi. Nachagua "tumba": ua lisilochanua, petali zimebanana. Isitoshe, bendi zetu za dansi zina tumba la kupigwa kwa viganja. BAKITA wakiwa na neno bora zaidi, walete.

Utamu uko kwenye matabaka. Jione katikati ya umati pale Feri, mnasubiri geti la pantoni. Wa nyuma akikuegemeeni polepole, huyu anahamisha kapu, yule anageuza bega, na wewe wa katikati hata hujui kuna aliyesukuma. Lakini wa nyuma wakija kwa kishindo, nani atawahi kusogea? Kishindo kinapita bega kwa bega mpaka kwako, na samaki wako wako chini. Tumba ndilo umati huo. Uzito wa mwili ukikandamiza unyayo, majimaji yanahama, matabaka yanateleza, neva imelala. Mtetemo hausubiri mtu apishe. Neva inashtuka, na inashtuka zaidi kwenye mitetemo kama 250 kwa sekunde; hapo ngozi ikicheza hata chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, tumba lina habari. Besi ya singeli iko chini ya hapo, lakini inaingia vizuri tu.

Ndiyo maana Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Scotland aliyekuwa amepoteza sehemu kubwa ya usikivu alipofikia miaka 12, hupiga akiwa pekupeku.

Adui wa Kigamboni ni mchanga. Punje zake zinasuguana na kuumeza mtetemo njiani, kwa hiyo kuongeza sauti ni kuwatesa wanaosikia bure. Pandisheni spika juu ya jukwaa la mbao lenye uwazi chini, vijana viziwi wasimame hapohapo, miguu mitupu, au wakumbatie puto liwapokelee mtetemo. Sauti kali za kinanda zitapotea, maana kupita mitetemo 1000 hivi ngozi haiambulii kitu. Na maneno ya MC yanataka mkalimani wa lugha ya alama.

Naambiwa kijana akipanda pantoni huvua ndala na kwenda kusimama karibu na injini.