Ubao wa Tezi Ndio Unaobeba Injini

Mvua ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet hushuka kwa Mto Sondu hadi Ghuba ya Winam. Mkazi wa Kabianga anayetaka kuweka akiba yake kwenye boti ya uvuvi katika ghuba hiyo atasifiwa nguvu za injini. Mimi namsihi akague kwanza namna injini ilivyofungwa, kwa sababu hapo ndipo maisha ya wavuvi yanaposhikiliwa.

Mashua za Sesse zilizochongoka pande zote mbili huendeshwa kwa kasia au tanga. Za injini hujengwa bapa upande wa tezi, yaani nyuma, ili injini ya kupachika ipate ubao wa kukalia. Injini ya nguvu za farasi 15 huwa na uzito wa kilo 35 hadi 50 hivi, lakini uzito si hatari kubwa. Rafadha husukuma kutoka chini, mbali na vibanio vinavyoishika injini, na mguu wa injini hugeuka mtaimbo: chini unaukandamiza ubao, juu unataka kung'oka.

Kwa hiyo anza na ubao. Uchome kwa bisibisi pembeni na kwenye mashimo ya zamani. Ikizama kwa urahisi, umeoza, hata kama rangi ni mpya. Mbao mbichi pia haifai. Hata ya mkaratusi husinyaa ikikauka, na vibanio vikalegea.

Pili, pima kimo. Mguu mfupi unahitaji ubao wa sentimita 38 hivi, mguu mrefu 51. Bamba lililo juu ya rafadha liwe usawa wa tako la boti au chini yake kidogo. Likiwa juu mno, rafadha huvuta hewa na injini hupiga kelele bila kusukuma. Likiwa chini mno, mguu hukokota maji na petroli huisha bure.

Tatu, weka injini katikati na ukaze skrubu mbili za vibanio kwa mkono, bila kuongezea bomba. Mtetemo huzilegeza, hivyo pitisha pia bolti za chuma kisichoshika kutu kwenye ubao. Mashimo yapakwe gundi ya kuzuia maji, na upande wa ndani zikae washa pana na nati zisizolegea. Baada ya mwendo wa nusu saa, kaza tena.

Mwisho, funga injini kwa mnyororo kwenye sehemu imara ya boti, na nahodha avae kamba ya kuzimia injini. Injini iliyochomoka ikiwa inazunguka inaweza kurukia ndani.

Kabla ya kumlipa fundi, shika kichwa cha injini uitikise kushoto na kulia. Boti nzima itikisike pamoja nayo. Injini ikicheza peke yake, boti hiyo isiingie majini.