Mbegu ya avoka na ganda la maracuja: vinatuliza maumivu kweli?

Ukiwa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia na ukalalamika juu ya magoti ao mgongo, hautakosa mtu wa kukushauri mbegu ya avoka: uikaushe, uitwange, uweke unga wake ndani ya chai. Wengine wanachemshaka maganda ya maracuja. Ni vitu vya bure, tunavitupa kila siku. Lakini vinasaidia kweli?

Kuvimba ni nini?

Mwili ukiumia, unatuma damu nyingi pale palipoumia. Ndiyo maana panakuwa pekundu, panapata moto, panavimba na kuuma. Ni namna mwili unajikinga. Shida inakuja wakati kuvimba kunadumu, kama kwa viungo vya wazee wetu. Vidonge kama diclofenac na ibuprofen vinazuia mwili kutengeneza vitu vinavyoamsha maumivu. Lakini ukivimeza siku nyingi bila kumuona munganga, vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Ni kwa sababu hiyo watu wengi wanatafuta dawa ya miti.

Watafiti wameona nini?

Mbegu na maganda yana polifenoli, vitu ambavyo mmea unatumia kujikinga. Mwaka 2019, watafiti wa chuo kikuu cha Penn State, Marekani, walijaribu maji yaliyokamuliwa kutoka mbegu ya avoka juu ya seli, ndani ya maabara. Alama za kuvimba zilipunguka. Ni habari nzuri, ila seli ndani ya chupa siyo mtu. Hakuna kipimo cha unga huo ambacho waganga wamekubaliana kuwa ni salama.

Kwa maracuja, walijaribu kwa watu. Mwaka 2010 ilitangazwa kazi iliyofanywa Iran kwa wagonjwa 33 wa magoti. Wale waliopewa dawa ya ganda la maracuja kwa miezi 2 walipunguziwa maumivu. Lakini ilikuwa miligramu 150 kwa siku, iliyotayarishwa na wataalamu, siyo ganda la kuchemshwa nyumbani. Na wagonjwa 33 ni wachache.

Hatari iko wapi?

Ganda la maracuja, zaidi lile la tunda bichi, linaweza kutoa sianidi. Ni sumu ile ile wamama wetu wanaondoaka kwa muhogo mchungu kwa kuuloweka. Mbegu na ganda la avoka vina persin, inayoweza kuua sungura na mbuzi. Kwa hiyo usiwatupie. Mama mwenye mimba asijaribu dawa hizi, hata mbegu za papai.

Wakati gani kwenda kituo cha afya?

Goti likivimba ghafla, likiwa na moto pamoja na homa, ao mtoto akikataa kukanyaga chini, usikae nyumbani ukichemsha maganda. Inaweza kuwa mikrobi ndani ya kiungo, na kiungo kinaharibika kwa siku chache tu.

Kama umeshakunywa dawa ya miti, mwambie munganga bila haya. Hiyo inamsaidia asikupe kidonge kisichopatana nayo. Na tunda lenyewe, avoka ao maracuja, kula bila wasiwasi.