Tembo, Mlima na Jicho la Pili

Asubuhi za kiangazi, jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza, magari ya watalii husimama kwenye barabara za vumbi za Hifadhi ya Taifa ya Amboseli, kusini mwa Kenya. Ndani yake kila mtu ameshika kamera au simu, na karibu wote wanasubiri picha ileile: kundi la tembo likikata uwanda kuelekea vinamasini, na nyuma yao Kilimanjaro, mita 5,895, kabla mawingu hayajaufunika. Tembo wako Kenya, mlima uko Tanzania, na fremu moja inawakutanisha.

Jioni, picha zinapofunguliwa, wengi huvunjika moyo. Mlima uliojaa machoni umekuwa kivuli cha samawati kilichofifia juu ya upeo wa macho. Tembo wamekuwa madoa ya kijivu. Theluji imegeuka baka jeupe lisilo na umbo. Lenzi pana ya simu nayo imeongeza hasara, kwa kuwa lenzi ya aina hiyo hukuza kilicho karibu na kudogosha kilicho mbali, wakati lenzi ndefu hufanya kinyume chake na kuuleta mlima hadi migongoni mwa tembo.

Hapo huanza kazi mbili ambazo watazamaji wa picha nzuri hawazioni: kuihariri picha, na kuiweka mbele ya wenzako waikosoe. Ya kwanza hupendwa, kwa sababu mtu huifanya faraghani. Ya pili huogopwa, ingawa ya kwanza haikamiliki bila hiyo. Aliyepiga picha huikodolea macho akidhani anaitazama, kumbe anakumbuka. Anakumbuka baridi ya alfajiri, harufu ya vumbi, dereva aliyezima injini kwa wakati. Yote hayo humfanya aione picha kuwa na nguvu ambayo haimo. Mwenzake ambaye hakuwapo ana kitu kimoja tu mbele yake, nacho ni kile kilichomo ndani ya kingo nne.

Mhariri mzuri huanza na faili zuri. Kamera nyingi, na baadhi ya simu, huruhusu picha ihifadhiwe kama faili ghafi, yaani taarifa zote zilizopokelewa na kihisi kabla kamera haijaamua rangi na mwanga kwa niaba ya mwenyewe. Faili la kawaida la JPEG lina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila moja ya rangi tatu za msingi. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Tofauti hiyo huonekana chini ya tumbo la tembo, penye kivuli kizito. Ukilazimisha kivuli hicho kiwe cheupe zaidi katika JPEG, mabaka ya rangi hujitokeza. Katika faili ghafi, mikunjo ya ngozi huibuka yenyewe, taratibu. Lakini hakuna faili linaloweza kurudisha theluji iliyoungua kwa mwanga mwingi. Pale kihisi kilipojaa, hakuna kilichoandikwa. Kwa hiyo wazoefu wa Amboseli huilinda kwanza Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye theluji: hupunguza mwanga wakati wa kupiga hadi theluji ibaki na umbo, kisha huwainua tembo baadaye kwenye kompyuta.

Tatizo linalofuata ni hewa. Kati ya lenzi na kilele cha Kibo kuna zaidi ya kilomita 40 za vumbi na unyevu. Hewa hutawanya mwanga wa samawati kuliko mwanga mwekundu, ndiyo maana milima ya mbali huonekana ya samawati na isiyokolea. Programu za leo zina kifaa cha kupunguza ukungu huo, na hakuna kifaa kinachoharibu picha nyingi za wanyamapori kama hicho. Kikivutwa kwa nguvu juu ya fremu nzima, mlima hujitokeza kweli, lakini tembo hugeuka weusi kama makaa, anga hupata chembechembe, na mstari mweupe huzunguka migongo yao kana kwamba wamekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Dawa yake ni kuhariri sehemu kwa sehemu. Programu ya Lightroom huruhusu hilo, na hata Snapseed, ambayo hupatikana bure kwenye simu. Mlima huchaguliwa peke yake na kukolezwa kidogo; tembo huchaguliwa peke yao na kupewa mwanga; vumbi linalopanda miguuni mwao huachwa lilivyo. Na ukungu wenyewe usifutwe wote. Ndio unaoliambia jicho kwamba mlima uko mbali na ni mkubwa. Ukiuondoa kabisa, Kilimanjaro huwa kilima kilichosimama nyuma ya kichaka.

Kazi hii haikuletwa na kompyuta. Zama za filamu, mchapaji alikaa katika chumba cha giza na kuukinga mwanga kwa kiganja au kipande cha kadibodi ili sehemu fulani ya karatasi ibaki nyeupe, au kuuzidisha mahali alipotaka pakolee. Mmarekani Ansel Adams, aliyejifunza piano kabla ya kujikita kwenye kamera, alifananisha negativu na noti za muziki zilizoandikwa, na chapa na upigaji wa muziki wenyewe. Mwaka 1941 alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Katika maisha yake aliichapa zaidi ya mara elfu moja. Nakala za mwanzo zina anga ya kijivu yenye mawingu mepesi. Katika za baadaye anga imekaribia weusi kamili na mwezi unawaka. Negativu ni ileile. Kilichobadilika kwa miaka ni uelewa wa Adams juu ya kile alichokuwa amekiona jioni ile.

Wala Adams hakufanya kazi peke yake. Mwaka 1932, pamoja na Edward Weston, Imogen Cunningham na wengine, alianzisha kikundi cha f/64 huko San Francisco. Walikubaliana juu ya aina ya picha wanayoitaka, iliyo kali na wazi kutoka mbele hadi nyuma, wakaonyesha kazi zao kwa pamoja. Wasanii wenye majina makubwa kiasi hicho waliona wanahitaji wenzao, na hili linafaa kukumbukwa na kila mpiga picha chipukizi anayedhani kukosolewa ni dalili ya kutojua.

Mwenzako anaona nini usichokiona? Tuseme picha ya Amboseli imehaririwa kwa saa mbili, na mwenyewe, kwa kupenda joto la alfajiri, ameongeza rangi ya machungwa hatua kwa hatua. Kila hatua ilikuwa ndogo, na jicho lake lilizoea. Mtu anayeijua nchi huuliza swali moja tu: hawa ni tembo wa Tsavo? Udongo wa Tsavo, hifadhi nyingine ya Kenya, ni mwekundu, na tembo wake hujipaka udongo huo hadi wakawa maarufu kwa wekundu wao. Vumbi la Amboseli ni jeupe, la majivu na magadi, na tembo wake hung'aa kijivu. Kwa kuongeza joto, mhariri amewahamisha wanyama kutoka hifadhi moja hadi nyingine.

Au picha imegeuzwa, kushoto ikawa kulia, kwa kuwa mwenyewe aliona inapendeza zaidi tembo wakitembea kuelekea upande wa pili. Mtu wa Loitokitok, mji ulio chini ya mlima upande wa Kenya, atashtuka. Ukiutazama mlima kutoka Amboseli, upande wa kaskazini, Mawenzi, kilele cha pili chenye meno, iko kushoto kwa Kibo. Ukiwa mjini Moshi, upande wa kusini, iko kulia. Picha iliyogeuzwa inaonyesha mlima wa Moshi juu ya uwanda wa Amboseli, mahali pasipokuwapo duniani.

Mengine ni madogo na huuma zaidi. Yangeyange mmoja mweupe kwenye kona huvuta jicho mbali na kundi zima. Mgunga wa mbali umeota juu ya kichwa cha tembo jike. Ndama wa mwisho amekatwa mkonga. Upeo wa macho umeinama kidogo, na kinamasi kinaonekana kama kitamwagika. Mengi ya haya hutibiwa kwa kupunguza kingo, lakini nako kuna gharama. Picha ya megapikseli 24 iliyopunguzwa nusu ya upana na nusu ya urefu hubaki na megapikseli 6, wakati chapa safi ya ukubwa wa A4, kwa nukta 300 kwa inchi, huhitaji karibu 9. Anayekata sana atunze picha yake kwa ajili ya simu, asiipeleke ukutani.

Ukosoaji wenye manufaa una adabu yake. Mwenye picha ananyamaza. Haelezi alikuwa wapi, alisubiri kwa muda gani, wala lenzi iligharimu kiasi gani, kwa sababu watazamaji wa kesho hawatakuwa na maelezo hayo. Mkosoaji anaitazama kwanza kimya, kisha anasema jicho lake liliangukia wapi mwanzo, likaenda wapi, likakwama wapi. "Hongera, nzuri sana" haimsaidii mtu, na "mbaya" haimsaidii zaidi. "Jicho langu linatoka nje ya picha pale kona ya kulia" ni kauli inayoweza kufanyiwa kazi usiku uleule.

Tena ni vizuri wakosoaji wasiwe wapiga picha peke yao. Mwongoza watalii au askari wa wanyamapori husoma picha kwa namna nyingine. Tembo aliyetanua masikio na kuinua kichwa, ambaye mpiga picha anamwona mwenye fahari, huenda alikuwa akitoa onyo kwa gari lililomkaribia mno. Anayejua hilo akilisema, picha haibadiliki hata pikseli moja, lakini maelezo yake yatabadilika, na pengine mwenendo wa mpiga picha safari ijayo.

Si kila ushauri wa kufuatwa. Wakosoaji watano watatoa dawa tano. Wapiga picha wenye uzoefu husikiliza zaidi mahali panapoguswa kuliko dawa inayotajwa: watatu wakinyooshea kidole pembe ileile ya fremu, pana kasoro hapo, hata kama mmoja anataka pakatwe, mwingine pawe giza, na wa tatu hajui anachotaka.

Yapo pia mambo ya kiufundi yanayopotosha ukosoaji kabla haujaanza. Picha inayotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ukali. Ikitumwa kama dokumenti, hufika nzima. Aliyehariri usiku huku skrini ikiwaka kwa mwanga wote hushangaa picha ikichapwa na kutoka nyeusi.

Mpaka wa uhariri uko wapi? Majarida na mashindano makubwa yameupata kwa maumivu. Februari 1982, jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada la wima, na lawama zake zinatajwa hadi leo. Shindano la Wildlife Photographer of the Year la London lilimnyang'anya José Luis Rodríguez tuzo yake ya 2009, baada ya majaji kuona kuwa mbwamwitu aliyeruka lango huenda alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 liliiondoa picha ya Marcio Cabral wa Brazil, kwa kuwa mla-mchwa aliyemo alifanana mno na mnyama aliyekaushwa. Katika hizi mbili za mwisho uongo ulioshukiwa haukuwa wa kompyuta. Ulitangulia mbele ya lenzi.

Shindano hilohilo mwaka 2014 lilimpa ushindi mkuu Michael Nichols kwa simba-jike watano wa kundi la Vumbi, Serengeti, waliojilaza na watoto wao juu ya mwamba. Aliipiga kwa mwanga wa infraredi na kuitoa nyeusi na nyeupe. Hakuna jicho la binadamu linaloona hivyo, lakini simba walikuwapo, mwamba ulikuwapo, na hakuna aliyefichwa kitu. Huo ndio uhariri unaostahili kutetewa: unabadilisha namna ya kuona, hauongezi wala kupunguza kilichokuwapo.

Theluji ya Kibo ni jaribu la karibu zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1912 imetoweka. Mhariri anayeng'arisha wingu la kileleni hadi lifanane na barafu anapata mlima wa kadi za posta, na wakati huohuo anaharibu ushahidi. Picha ya mwaka huu, ikiachwa na mwamba wake mtupu, itahitajika na mtu atakayetaka kujua mlima ulikuwaje.

Kuna kitu kimoja tu ambacho ni halali kukifuta kabisa, nacho hakionekani kwenye picha. Simu nyingi, na baadhi ya kamera, huandika ndani ya faili mahali halisi ilipopigwa picha, kwa latitudo na longitudo. Kwa tembo wa Amboseli, wanaozungukwa na magari mchana kutwa, hilo huenda lisiwe siri. Kwa faru, taarifa hiyo inaweza kumfaa jangili. Programu nyingi za kuhariri zina chaguo la kuondoa taarifa za mahali wakati wa kuhifadhi nakala ya kutuma, na kwa picha ya faru chaguo hilo hubonyezwa kabla mkosoaji wa kwanza hajaiona.