Jinsi Programu ya Muziki Inavyoitambua Ala

Makusudi ya makala hii ni kueleza namna programu ya muziki, iliyomo ndani ya kompyuta, inavyojua ni kinanda gani cha umeme kilichounganishwa nayo. Jambo hili haliwahusu mafundi peke yao. Faili ya MIDI haihifadhi sauti. Huhifadhi maagizo tu: noti fulani ipigwe, kwa nguvu fulani, kwa sauti ya namba fulani. Namba ile ile yaweza kuwa piano katika ala moja, na tarumbeta katika ala nyingine. Basi asiyeijua ala iliyotumiwa hawezi kuurudisha wimbo kama ulivyokuwa.

Kanuni za MIDI zilitolewa mwaka 1983, makampuni ya Marekani na Japani yalipokubaliana juu ya lugha moja ya ala zao. Kila kampuni hupewa namba yake: Moog ni 4, Roland 65, Korg 66, Yamaha 67. Kwa kuwa namba hizo haziwezi kupita 127, makampuni mengine yalipewa namba tatu zinazofuatana, ya kwanza ikiwa sifuri.

Utambuzi wenyewe unafanana na desturi yetu ya kubisha hodi. Programu hupeleka ujumbe wa namba sita: 240, 126, 127, 6, 1, 247. Ya kwanza hufungua ujumbe, ya mwisho huufunga. 126 yaonyesha kwamba ujumbe si wa kampuni moja. 127 kwamba ala yoyote inayousikia na ijibu. 6 na 1 maana yake ni “jitambulishe”. Ala hujibu kwa kutaja kampuni yake, ukoo wake, aina yake katika ukoo huo, na toleo la programu yake. Ndipo kompyuta hutazama orodha yake na kuyatoa majina ya sauti yanayoihusu.

Hata hivyo, jibu laweza kukosekana. Kebo ya MIDI ya pini 5 hupeleka habari upande mmoja tu: pasipo kebo ya pili, ala husikia swali lakini jibu lake halifiki. Tena ala za awali, kama Yamaha DX7 ya mwaka 1983, hazilifahamu swali hilo; mtumiaji huchagua jina mwenyewe. Nayo kebo ya USB yenye kigeuzi katikati huitajia kompyuta jina la kigeuzi, wala si la ala iliyo nyuma yake.

Mwaka 1991 kanuni ya General MIDI ilipanga sauti 128 kwa utaratibu mmoja, na ngoma katika njia ya 10. Lakini sauti alizozibuni mwanamuziki mwenyewe hazimo katika mpango huo.

Kwa hiyo, anayetunza nyimbo za namna hii aandike jina la ala na toleo lake, na data za sauti aziweke pamoja na faili. Maagizo bila jina la ala ni barua isiyojulikana imeandikwa kwa lugha gani.