KITABU CHA UKOO HAKIJITUNZI

Tulikwenda msibani katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi. Mzee aliyefariki ndiye aliyekuwa anaujua ukoo. Alijua nani alimzaa nani. Alijua ukoo ulitoka wapi mpaka ukafika Ugogo. Alijua na makaburi ya zamani yako wapi.

Baada ya maziko watu wakaanza kuuliza, "Sasa nani atatuambia?" Vijana wakajibu, "Msiwe na wasiwasi, tulimrekodi kwenye simu." Basi simu ikatafutwa. Kumbe ilikuwa ya kijana mmoja tu, na ilikuwa imeingia maji tangu wakati wa mvua. Fundi aliitazama, akatikisa kichwa. Sauti ya mzee ilikuwa humo humo. Nakala nyingine haikuwepo.

Siku hiyo tulimzika mzee, na tukazika pamoja naye majina ya babu zake.

Hebu tujiulize: kosa lilikuwa la nani? Vijana wale hawakuwa wavivu. Walijitolea, wakatumia siku zao tatu kumsikiliza mzee. Walichokosa ni vitu viwili: mpango na fedha kidogo ya kutunza kazi yao. Leo tutaeleza mambo hayo mawili.

KWA NINI TUUJUE UKOO

Koo za Wagogo hazikutoka mahali pamoja. Nyingine zilitoka Uhehe, nyingine Unyamwezi, nyingine Ukaguru na kwingineko. Zilikutana katika nchi hii kavu, zikawa watu wamoja. Mwandishi wetu Mathias Mnyampala, ambaye ni maarufu pia kwa mashairi, alikusanya habari za namna hiyo kwa wazee. Kitabu chake juu ya historia na mila za Wagogo kilitoka mwaka 1954. Yeye alifariki mwaka 1969, lakini aliyoyaandika tunayo mpaka leo. Hiyo ndiyo faida ya maandishi.

Lakini Mnyampala hakuweza kuandika ukoo wa kila nyumba. Kazi hiyo ni yetu.

Faida zake tunazijua. Wazee huuliza ukoo kabla ya posa, ili ndugu wasije wakaoana bila kujua. Mtoto akienda mji wa mbali hujua amfikie nani. Na mtu anayejua alikotoka hadharauliki kirahisi.

Tena sisi watu wa Dodoma tumehamahama sana. Kulikuwa na njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Ilianza wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Watu wengi walikufa, na wengi walikimbilia nchi za jirani kutafuta chakula. Baadhi yao hawakurudi.

Halafu ikaja Operesheni Dodoma, mwaka 1970 na 1971. Watu waliacha matembe yao ya zamani, wakahamia vijiji vya ujamaa. Makaburi yalibaki kule kwenye mahame. Na tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi, mji umepanuka. Palipokuwa na shamba la babu, leo pengine pana barabara.

Kwa hiyo mzee akisema, "Sisi kwetu ni pale penye mbuyu," tumwulize upesi: mbuyu upi? Uko kijiji gani sasa?

KUKISIA MIAKA

Wazee wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Tusiwasumbue kwa kuwauliza mwaka. Tuwaulize mambo waliyoyaona au waliyosimuliwa. Haya hapa ni machache ya kutusaidia:

Reli ilifika Dodoma: 1910.
Njaa ya Mtunya: 1917 hadi 1920.
Mpango wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa ulianza: 1947.
Uhuru: 1961.
Azimio la Arusha: 1967.
Operesheni Dodoma: 1970 na 1971.
Vita vya Kagera: 1978 hadi 1979.

Mama akisema, "Nilikuwa nanyonya wakati wa Uhuru," tunaandika: alizaliwa karibu na mwaka 1960. Neno "karibu" tuliandike. Tusijifanye tunajua tusichokijua.

Wale ambao wazee wao walibatizwa zamani wanaweza pia kuuliza kanisani. Wamisheni walifika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na makanisa huwa na vitabu vya ubatizo na ndoa. Twende kwa adabu, tuombe ruhusa.

KUJITOLEA SI BURE

Sasa tuje kwenye fedha. Watu wengi husema, "Hii ni kazi ya kujitolea, kwa hiyo haina gharama." Hapo ndipo tunapokosea.

Anayejitolea anatoa nguvu zake na muda wake. Lakini daftari linanunuliwa. Basi la kwenda Kongwa kwa shangazi linataka nauli. Kutoa fotokopi ni fedha. Simu inataka bando. Mambo haya yasipolipwa na wote, yatalipwa na mtu mmoja kimya kimya. Naye atachoka. Au atafariki. Au simu yake itaingia maji, kama tulivyoona.

Tatizo hili si letu peke yetu. Hata nchi tajiri zimeliona. Tuchukue mifano miwili.

Huko Marekani watu wanaotafuta habari za koo zao walianza zamani kusaidiana kwa kompyuta. Walitumia intaneti, yaani njia inayounganisha kompyuta na simu za dunia nzima. Mmoja akiuliza habari za babu yake, mwenzake wa mbali humjibu. Mahali pao palipojulikana sana paliitwa RootsWeb. Paliendeshwa na watu wa kujitolea na kwa michango ya watumiaji.

Lakini mahali kwenye intaneti ni kama chumba cha kupanga. Kila mwaka kuna kodi. Watu wakizidi kuingia, chumba kinataka kuwa kikubwa, na kodi inapanda. Michango ikaelemewa. Mwaka 2000 RootsWeb ikaingia mikononi mwa kampuni ya biashara. Kampuni iliendelea kupaacha wazi bila malipo kwa miaka mingi. Hata hivyo uamuzi haukuwa tena wa wale waliojitolea. Mwaka 2020 barua walizokuwa wakiandikiana watu katika vikundi vyao zilisimamishwa. Za zamani ziliachwa zisomwe, lakini mpya haziandikwi.

Mfano wa pili ni Uingereza. Mwaka 1998 watu wa kujitolea walianza kazi iitwayo FreeBMD. Wananakili orodha za serikali za waliozaliwa, waliooa na waliokufa kuanzia mwaka 1837. Kila mtu ananakili kurasa chache nyumbani kwake. Wakaunda chama chenye kuandikishwa kisheria, kisicho cha faida, kinachopokea michango. Kazi hiyo ingali ikiendelea, na watu wanaisoma bila kulipa.

Je, tofauti ni nini? Wote walijitolea. Wote walichangiwa. Lakini hawa wa pili kazi yao ina chama chenye sheria zake, na chama hicho ndicho kinachoamua. Mwenye kulipa kodi ndiye mwenye funguo. Kama ni wote mnaolipa, basi funguo ni za wote.

HESABU YA KIKUNDI

Tuseme ukoo una watu wazima 40 waliokubali kuchanga. Wengine wako kijijini, wengine Dar es Salaam, wengine Arusha. Kila mtu anatoa shilingi 500 kwa mwezi. Wa mbali wanatuma kwa simu, na wanaongeza fedha ya makato.

Shilingi 500 mara watu 40 ni shilingi 20,000 kwa mwezi.
Shilingi 20,000 mara miezi 12 ni shilingi 240,000 kwa mwaka.

Matumizi yao ya mwaka tuyaweke hivi:

Madaftari makubwa 3: shilingi 15,000.
Nauli za mwandishi, safari 6: shilingi 60,000.
Fotokopi: shilingi 25,000.
Bando la simu, miezi 12: shilingi 60,000.
Jumla: shilingi 160,000.

Zinabaki shilingi 80,000. Hizo si za kunywea soda. Ni akiba ya mwaka mbaya. Mvua ikikosa, watu hawatachanga. Kazi itaendelea kwa akiba ile.

Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti na hizi. Fanyeni hesabu yenu wenyewe. Walio wachache wanaweza kulima kishamba cha alizeti cha kikundi badala ya kuchanga fedha taslimu. La maana ni kwamba kiasi kiwe kidogo, ili hata mjane aweze kutoa na asione haya. Haba na haba hujaza kibaba.

WATU WATATU, NYUMBA TATU

Kikundi kiwe na watu watatu wa kazi. Wa kwanza ni mwandishi. Yeye huwasikiliza wazee na kuandika. Huandika pia jina la aliyemwambia na tarehe aliyoambiwa. Wazee wawili wakitofautiana, anaandika maneno ya wote wawili. Hachagui.

Wa pili ni mhazini. Anapokea fedha na kuandika kila senti iliyoingia na iliyotoka. Katika kila mkutano anasoma hesabu kwa sauti, na wote wanasikia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wa tatu ni mtunza nakala. Kazi yake ni kuhakikisha kitabu kipo katika nyumba tatu zisizokaribiana. Mchwa wakila kimoja, viwili vipo. Sauti zilizorekodiwa ziwekwe kwenye simu zaidi ya moja na kwenye memori kadi. Kama kuna kundi la WhatsApp, wasimamizi wawe wawili au zaidi. Kama kuna neno la siri la kufungulia kitabu cha kwenye simu, walijue watu wawili wanaoaminika. Mmoja akifa asiondoke na ufunguo.

Kila baada ya miaka miwili watu hawa wachaguliwe upya. Na akina mama wasisahauliwe. Mara nyingi bibi ndiye anayekumbuka majina ya watoto waliofariki wachanga, ambao hakuna mwingine anayewataja.

TAHADHARI TATU

Kwanza, tusimtegemee tajiri mmoja. Pengine ndugu wa mjini atasema, "Msihangaike, nitalipa yote." Tumshukuru, tupokee zawadi yake, lakini wote tuendelee kuchanga zile 500 zetu. Kwa nini? Siku akikasirika, kazi itasimama. Au atasema, "Babu yangu ndiye aandikwe mkubwa." Nani atambishia wakati ndiye anayelipa?

Pili, kitabu cha ukoo si hati ya ardhi. Siku hizi ardhi ya Dodoma ina bei, na wengine watataka kukitumia kitabu kudai mashamba. Haki ya ardhi ya kijiji ina taratibu zake, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Tuandike hivyo katika ukurasa wa kwanza, ili mapema watu wajue kitabu si cha ugomvi.

Tatu, siri za watu zina heshima yake. Habari za waliokufa zamani tunaweza kuzisoma mbele ya wote. Lakini habari za walio hai, kama ugonjwa, au mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, zisiandikwe bila ridhaa ya mwenyewe. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba za vitambulisho na namba za simu zisibandikwe ovyo kwenye kundi. Wapo matapeli wanaozitafuta.

TUANZE LINI?

Ndugu wasomaji, wengi wetu tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima. Tulihangaika na kalamu mpaka mikono ikauma. Sasa kalamu ile ina kazi. Tusingoje kompyuta. Tusingoje mfadhili. Jioni ya leo chukua daftari, kaa karibu na mzee au bibi, mwambie, "Babu, naomba unitajie waliokuzaa." Andika. Kesho mwombe jirani wa ukoo akusaidie kunakili. Mwisho wa mwezi mkutane, mpange mchango.

Kijiji kile cha msiba wameanza upya. Shangazi mmoja wa marehemu bado yu hai, na anakumbuka majina manne ya mababu. Ni manne tu. Lakini sasa yako katika madaftari matatu, katika nyumba tatu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika ukoo wako, nani anayekumbuka mengi? Ameandikwa?
2. Kama simu au daftari lenu likipotea leo, nakala iko wapi?
3. Kila mtu kwenu anaweza kutoa kiasi gani kwa mwezi bila kuumia?
4. Watu 25 wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, watapata kiasi gani kwa mwaka?