Moto wa shamba: tuuwashe namna gani?

Ndugu wanamemba, kiangazi kinaelekea mwisho, na kutoka Kasongo mpaka Kabambare moshi tunauona kila upande. Mbele ya kupiga kiberiti, tuzungumze kidogo.

Moto ni rafiki wa zamani sana. Kule Afrika ya Kusini, ndani ya pango la Wonderwerk, wachunguzi walikuta majivu na mifupa iliyoungua ya miaka karibu milioni 1. Watu wale hawakujua kulima. Kulima kulikuja nyuma sana, na kwetu moto ulisaidia mara mbili: kwa makala wahunzi waliyeyusha chuma wakatupatia shoka na jembe, halafu miti iliyokatwa na shoka ikachomwa ili kupanda.

Wazee hawakuchoma juu ya uvivu, hapana. Majivu yanapunguza ukali wa udongo na kuacha potasi. Ndiyo maana mpunga wa mwaka wa kwanza unatoka muzuri. Lakini azoti yote kidogo inapanda na moshi. Zamani shamba lilipumzika miaka mingi, pori likairudisha. Leo tunarudia palepale mbele miti haijakomaa, halafu tunasema udongo umechoka. Nani aliuchosha?

Hatari kubwa zaidi ni moto unaotoroka. Mtu anachoma shamba lake saa sita ya mchana, upepo uko, majani ya savana yamekauka. Jioni mihogo ya jirani imeungua, na kesi inafika kwa chifu. Wale wanaochoma pori juu ya kuwinda panya, nao tunawajua.

Basi, tufanye hivi. Zunguka shamba lote, fyeka na ukwangue njia ya metre 5 isiyo na jani hata moja; upande wa savana ongeza. Ambia majirani siku mbili mbele. Choma jioni upepo ukitulia, ukianzia upande ule upepo unakoelekea, ili moto uende polepole ukipingana nao. Watu wasimame na matawi mabichi na maji. Majani ya karanga na maganda ya mpunga usiyachome, yaache yaoze shambani.

Kesho yake asubuhi urudi uangalie magogo. Gogo kubwa linaweza kuficha moto siku kadhaa, na upepo ukija linawaka tena wakati wewe uko sokoni.